Jiko la mkaa katika chumba cha mzazi wakati wa kipupwe

Swali la msomaji: Daktari, mimi ni baba wa mtoto mchanga wa wiki tano. Tunaishi Makete, ambako mwezi huu wa Julai umande unaganda juu ya majani kila alfajiri. Mama yangu mzazi amekuja kumlea mke wangu, ambaye bado hajatimiza arobaini. Kila usiku mama huingiza jiko la mkaa chumbani baada ya moshi kuisha na mkaa kushika vizuri, kisha huweka beseni la maji kando yake ili maji yavute hewa mbaya. Tangu juzi mke wangu anaamka na kichwa kizito na kichefuchefu, lakini akikaa nje saa mbili au tatu anapata nafuu. Mama anasema ni uchovu wa uzazi. Kaka yangu aliyeko Uingereza anasema tunajiua, na kwamba huko kwao kuna king'ora cha kutambua hewa hiyo. Nani yuko sahihi, na mtoto atapataje joto bila jiko?

Jibu:

Ndugu yangu, naanza na lile lisiloweza kusubiri. Usiku wa leo jiko lisiingie chumbani, hata kwa nusu saa, hata mlango ukiwa wazi. Kichwa kinachouma asubuhi na kutulia mtu akitoka nje, katika nyumba ambamo mkaa umewaka usiku kucha, ni dalili ya sumu ya gesi ya kaboni monoksaidi hadi itakapothibitishwa vinginevyo. Leo hii mpeleke mkeo na mtoto kituo cha afya, na mama yako pia ikiwa analala chumba hicho hicho, na mkifika msiishie kusema kwamba mzazi anaumwa kichwa. Semeni wazi kwamba mmelala na jiko la mkaa ndani. Nitaeleza baadaye kwa nini maneno hayo yana uzito kuliko vipimo watakavyofanyiwa.

Kuhusu nani yuko sahihi, mama yako amekosea juu ya jiko lakini hakukosea juu ya baridi. Mtoto wa wiki tano hupoteza joto upesi, na katika nyanda zenu za juu usiku wa Julai unaweza kumletea madhara ya kweli. Hata desturi yake ya kusubiri moshi uishe ina asili ya busara, kwa sababu moshi wa kuni huwasha macho, huleta kikohozi na humfukuza mtu chumbani kabla hajadhurika sana. Shida ni kwamba mkaa hauna tabia za kuni. Mkaa ulioshika vizuri hautoi moshi, haunuki kitu cha kutisha wala hauwashi macho, na ni katika hali hiyo tulivu ndipo unapotoa gesi inayoua. Kaboni monoksaidi haina rangi, haina harufu na haina ladha, kwa hiyo pua ya mama yako, hata iwe makini kiasi gani, haiwezi kuitambua.

Jioni moja, jiko likiwa uani, litazame kwa makini giza linapoanza kuingia. Utaona ndimi ndogo za moto wa rangi ya buluu zikichezacheza juu ya makaa. Moto huo ni kaboni monoksaidi yenyewe ikiungua. Hewa inayoingia kwa chini hukutana na kaboni ya mkaa na kutengeneza kabonidayoksaidi, yaani ile hewa ukaa tunayoitoa tunapopumua. Lakini hewa hiyo inapopanda na kupita katikati ya makaa mekundu hunyang'anywa sehemu ya oksijeni yake na kugeuka kaboni monoksaidi. Jiko likiwa na moto mkali, sehemu ya gesi hiyo huungua inapofika juu, ndiyo maana unauona ule moto wa buluu. Majivu meupe yakishafunika makaa na moto wa buluu ukazimika, gesi huendelea kutengenezwa ndani lakini hakuna tena kitu cha kuiunguza, na yote humwagika chumbani. Huo ndio wakati ambao watu wengi husema sasa jiko limetulia, liingizwe ndani.

Kiasi chake si kidogo. Vipimo vya uunguaji wa mkaa huonyesha kwamba kila kilo moja inayoungua hutoa takriban gramu 200 za kaboni monoksaidi. Chukua nusu kilo, kiasi cha kujaza jiko dogo, katika chumba cha mita 3 kwa mita 3 chenye kimo cha mita 2.5. Tuseme chumba kina nyufa nyingi, na sehemu tisa kati ya kumi za gesi zimetoka zenyewe. Bado zitabaki gramu 10, ambazo ni zaidi ya miligramu 440 katika kila mita ya ujazo ya hewa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2010 kuhusu hewa ya ndani ya nyumba, liliweka kikomo cha miligramu 10 kwa mita ya ujazo kwa mtu anayevuta hewa hiyo kwa saa 8. Chumba chako, hata kwa hesabu hii ya huruma, kimezidi kikomo hicho zaidi ya mara 40. Katika hali hiyo mtu mzima mwenye afya huanza kuumwa kichwa ndani ya saa moja au mbili, na baada ya saa tatu maisha yake huwa hatarini.

Beseni la maji nimelikuta katika nyumba nyingi, kuanzia vyumba vya wanafunzi hadi nyumba za watumishi, na ningependa tuliondoe katika fikra zetu kabisa. Kaboni monoksaidi karibu haiyeyuki katika maji. Kwa kiasi cha gesi nilichokitaja, beseni la lita 10 haliwezi kumeza hata robo ya miligramu moja, ilhali hewa ya chumba imebeba miligramu 10,000. Maji yale hufanya hewa isiwe kavu, basi, na ndiyo maana koo la mtu hujisikia vizuri na yeye akadhani amekingwa. Nyanya, kitunguu au ndimu iliyokatwa na kuwekwa karibu na jiko haina kazi yoyote katika jambo hili. Vilevile mtu asijidanganye kwamba akilala kitandani badala ya sakafuni, au sakafuni badala ya kitandani, atakuwa salama, kwa kuwa gesi hii ina uzito unaokaribiana sana na ule wa hewa ya kawaida na huchanganyika nayo chumba kizima. Mlango ulioachwa wazi kidogo hupunguza, lakini upepo ukigeuka au mtu akiurudisha usiku kwa sababu ya baridi, kinga hiyo imekwisha na walio usingizini hawajui.

Mwilini, gesi hii hushambulia damu. Chembe nyekundu za damu zina himoglobini, ambayo kazi yake ni kubeba oksijeni kutoka mapafuni, na kaboni monoksaidi huishika himoglobini hiyo kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Mtu huendelea kupumua kama kawaida, kifua kinapanda na kushuka, lakini damu inazunguka mikono mitupu, na ubongo na moyo ndivyo vinavyolemewa kwanza. Akitoka kwenye hewa safi, huhitaji saa 4 hadi 5 ili kiasi cha sumu kipungue kwa nusu tu; kwa hiyo nafuu anayoipata mkeo baada ya saa mbili uani si kupona, na usiku unaofuata huanza akiwa bado amechoka. Mtoto yuko katika hatari zaidi, kwani hupumua mara 30 hadi 60 kwa dakika wakati mtu mzima hupumua mara 12 hadi 20, hivyo huijaza damu yake upesi, na hawezi kusema kwamba kichwa kinamuuma. Atalala kupita kawaida, atanyonya kwa uvivu au atatapika, na watu watasema amekuwa mtulivu. Mwinuko wa Makete nao huongeza tatizo, maana katika kimo cha mita 2,000 kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa takriban moja ya tano ikilinganishwa na usawa wa bahari. Mjamzito naye asikae kabisa katika chumba cha namna hii, kwa sababu damu ya mtoto aliye tumboni huishika gesi hii kwa nguvu zaidi na kuiachia polepole zaidi kuliko damu ya mama, na mtoto anaweza kudhurika hata pale mama anapojiona mzima.

Sasa nirudi kwenye yale maneno niliyokuomba uyaseme kituoni. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa zamu katika zahanati moja ya nyanda za juu, alikuja mama na watoto wawili, wote wakiumwa kichwa na kutapika. Hawakuwa na homa, na kipimo cha malaria kilikuwa hasi kwa wote watatu. Niliwaandikia dawa ya kutuliza maumivu na maji ya chumvi na sukari, nikawaruhusu. Kesho yake walirudi, na yule mtoto mkubwa alikuwa hawezi kusimama bila kushikwa. Kifaa cha kidoleni kilionyesha oksijeni asilimia 98. Muuguzi niliyekuwa naye ndiye aliyeona majivu meupe kwenye pindo la kitenge cha yule mama, akamuuliza kwa upole, "Mama, usiku mnaota moto gani?" Tukawawekea oksijeni wote watatu, na jioni yule mtoto alikuwa ameketi akila. Tangu siku hiyo, msimu wa kipupwe unapoingia, swali la jiko nalitanguliza kabla ya sindano ya kipimo.

Kifaa cha kidoleni hakikuharibika. Hutambua rangi ya damu kwa mwanga, na damu iliyoshikwa na kaboni monoksaidi ina wekundu unaofanana na ule wa damu yenye oksijeni, kwa hiyo kifaa hutoa namba nzuri kwa mtu anayekosa hewa. Mtaalamu asiyeambiwa habari za jiko ana haki ya kudanganyika. Dalili za sumu hii hufanana na malaria, na chakula kilichoharibika, na mafua, na katika vijiji vingine familia nzima inapougua pamoja usiku mmoja huanza kunong'onwa habari za kurogwa. Vitu viwili hutofautisha: hakuna homa, na waliolala chumba kimoja huugua pamoja kisha hupata nafuu wakitoka. Tiba yake ni oksijeni safi kwa kinyago kinachobana vizuri usoni, ambayo hupunguza muda wa sumu kupungua nusu kutoka zile saa 4 au 5 hadi kati ya dakika 60 na 90. Maziwa, ambayo watu wetu huyakimbilia kwa kila sumu, hayasaidii hapa, kwa kuwa sumu haiko tumboni, na kumnywesha mtu aliyelegea kunaweza kumpalia na kumuua.

Ikitokea umemkuta mtu amelegea au amezimia katika chumba chenye jiko, vuta pumzi nje, ingia, mtoe kwanza mtu, na ukishindwa kumbeba kwa pumzi moja fungua mlango na madirisha kisha toka uvute hewa kabla ya kurudi. Usibaki ndani ukihangaika kulizima jiko. Waokoaji nao huanguka kwa njia hiyo, mmoja juu ya mwingine. Akiwa nje na hapumui, anayejua kumpulizia pumzi na kumkandamiza kifua aanze mara moja, wengine watafute usafiri.

Swali lako la mwisho ndilo ninalolipenda zaidi, kwa sababu kumwambia mtu wa Makete asiwashe jiko bila kumwonyesha joto litatoka wapi ni kumwacha njia panda. Joto bora la mtoto mchanga ni mwili wa mama yake. Mtoto avuliwe, abaki na nepi, kofia na soksi, awekwe kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, kisha wafunikwe pamoja kwa kitenge na blanketi, uso wa mtoto ukiwa wazi na umegeuzwa upande. Ndiyo njia inayotumika hospitalini kwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati, na huwapa joto hata wasiofika kilo mbili. Mama akiwa na usingizi mzito, baba au bibi apokee zamu. Kifua chako, ndugu yangu, kina joto lile lile. Mtoto anapolala peke yake, mvishe nguo nyepesi kadhaa badala ya moja nzito, na kofia isiyoteleza usoni. Gusa nyayo zake na tumbo lake: vyote vikiwa na joto, yuko salama, nyayo zikiwa baridi, mrudishe kifuani, tumbo nalo likiwa baridi, au kipimajoto kikisoma chini ya nyuzi 35.5, mpeleke kituoni usiku huo huo. Kumwogesha kufanyike adhuhuri jua linapowaka, si alfajiri wala jioni.

Kitanda kipashwe joto kabla hawajapanda. Chemsha maji jikoni, yajaze katika chupa ngumu au mpira wa maji ya moto, yakiwa moto lakini yasiyotokota, vingirisha kwa taulo na uweke chini ya blanketi kwa nusu saa, kisha uiondoe kabla mtoto hajalazwa, maana ngozi yake huungua kwa joto ambalo mkono wako hulivumilia. Weka blanketi moja chini ya shuka pia, kwa kuwa baridi nyingi hupanda kutoka chini. Na kuna faida ambayo watu huisahau: chumba kisicho na moto unaweza kukiziba dhidi ya upepo bila hofu kubwa. Nafasi kati ya ukuta na bati, ambako upepo wa usiku huingia, inaweza kuzibwa kwa matambara au viroba, dari hata ya turubai ikawekwa, pazia zito likatundikwa mlangoni, na mkeka au zulia likatandikwa sakafuni. Acha tundu dogo tu la hewa. Mahali penye jiko huwezi kufanya hivyo, kwani kila ufa unaouziba ni ufa ambao gesi ingetokea.

Familia ikitaka kuota moto jioni, iote katika nyumba ya jiko, mlango na dirisha vinavyotazamana vikiwa wazi, na muda wa kulala ukifika watu waondoke waliache jiko huko. Makaa yaliyofunikwa na majivu huendelea kutoa gesi kwa saa nyingi, kwa hiyo jiko lisihamishiwe ukumbini kwa kuwa linaonekana limezimika. Jiko banifu hupunguza mkaa unaotumika lakini haliondoi gesi, na mkaa mbadala uliotengenezwa kwa mabaki ya mimea au vumbi la mkaa hutoa gesi ile ile. Jiko la gesi ya mtungi lisigeuzwe kuwa kipasha joto cha chumba cha kulala, hasa ukiona moto wake umekuwa wa manjano badala ya buluu, dalili kwamba hauungui sawasawa. Anayeweza kujenga, ajenge meko yenye dohani inayotoka juu ya paa, na kila mwaka kabla ya kipupwe aikague, kwa sababu masizi au kiota cha ndege huweza kuiziba. Hita ya umeme haitoi gesi hii hata kidogo, ila nyaya ziwe imara na isikae karibu na pazia au neti.

King'ora alichokisema kaka yako ni kifaa kizuri, na huko Uingereza, kwa upande wa England, tangu tarehe 1 Oktoba 2022 wenye nyumba za kupangisha wanalazimika kukiweka katika kila chumba chenye kifaa kisichohamishika kinachounguza mafuta, gesi au kuni, isipokuwa majiko ya gesi ya kupikia. Akiweza kukutumia kimoja, kipokee, na uhakikishe kimeandikwa kuwa ni cha kaboni monoksaidi, kwa maana kile cha moshi hakitambui gesi hii. Angalia pia tarehe ya mwisho wa matumizi iliyochapishwa nyuma, na ukijaribu kwa kubonyeza kitufe chake kila mwezi. Lakini kazi yake ni kulinda nyumba yenye dohani au hita ambayo huenda ikaharibika siku moja. Vifaa vya viwango vya Ulaya hulia kabla ya dakika 3 hewa inapofikia sehemu 300 za gesi katika milioni, na chumba nilichokipigia hesabu kina karibu sehemu 390. Jiko likiingia, king'ora kitalia, na hakuna atakayelala.

Kwa mama yako, ningeshauri usimwambie kwamba kaka amesema au daktari amesema. Mwonyeshe ule moto wa buluu uani, umweleze unachomaanisha, kisha mkabidhi kazi ya kumpasha mtoto joto kifuani mkeo anapopumzika. Amekuja kumlea mzazi, na kazi hiyo inamfaa.

Mkisharudi kutoka kituoni, usifunge shauri. Watu wachache waliovuta gesi hii hupona kabisa, kisha baada ya siku kadhaa, hata wiki tano au sita, huanza kusahau mambo ya karibuni, kubadilika tabia, kutembea kwa kuyumba au kushindwa kuzuia mkojo. Mkeo akionyesha lolote kati ya hayo kabla ya Septemba kwisha, lisichukuliwe kuwa ni huzuni ya uzazi. Mrudishe kituoni, na habari ya jiko ielezwe upya, kwa sababu atakayekuwa zamu siku hiyo huenda si yule mtakayemkuta leo.